Mlinzi Niliyemleta Mwenyewe

"Mama Shule, kama Mlinzi amekatwa tangu Ijumaa, hii rangi ya kijani ya leo Jumatatu inatoka wapi?"

Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita, mimi nimeshika simu, na Kidoti amenikodolea macho akingoja jibu. 

Kwa aliyeingia leo, nitaeleza kwa kifupi. Mimi ni mtunza stoo katika kampuni inayosambaza dawa kwenye kliniki. Kidoti ndiye mpakiaji wangu. Dawa nyingine hukaa kwenye rafu, lakini insulini, dawa ya wagonjwa wa sukari, hukaa kwenye chumba cha baridi. Ikipata joto inakufa. Ikiganda inakufa pia. Wananiita Mama Shule kwa sababu nilianza masomo ya kompyuta ya jioni katika umri ambao wenzangu wanalea wajukuu.

Tuliomba kitengo cha Tehama kitufungie kipimajoto cha kisasa. Tukaomba tena, na tena. Mkuu wa kitengo hicho, kijana tunayemwita Bwana Pasiwedi, alijibu kila mara kwamba ombi letu liko kwenye foleni. Basi nikanunua mwenyewe kipimajoto kidogo cheupe, nikakiunganisha na mtandao wa kampuni bila kumwambia, kikawa kinanitumia hali ya chumba kwenye simu. Duara la kijani ni salama, jekundu ni hatari. Tukakipa jina la Mlinzi.

Pale mlangoni palikuwa na soketi moja tu, ya king'ora cha zamani kilichokuwa kikilia kila tukichelewa kufunga mlango. Nilikichomoa kwa mkono wangu huu, nikamchomeka Mlinzi. Tangu siku hiyo tuliacha hata kuingia kusoma kipimo cha ukutani. Uingie kwenye baridi kufanya nini, na simu inakuambia?

Kisha Ijumaa jioni Bwana Pasiwedi akaona kifaa asichokijua kwenye mtandao wake, akakikata. Hakuniuliza, kama mimi nilivyokuwa sijamuuliza.

Sasa tuendelee.

Nilivaa miwani. Chini ya lile duara la kijani kulikuwa na herufi ndogo za kijivu ambazo sikuwahi kuzijali. Zilisema kipimo kilisomwa mara ya mwisho siku ya Ijumaa.

Kila asubuhi, kabla sijagusa boksi, humshukuru Mungu kwa ile rangi. Asubuhi ile pia nilimshukuru. Kumbe nilikuwa namshukuru kwa picha ya Ijumaa.

"Tufungue mlango," nikasema.

"Na tukikuta joto?"

"Tufungue kwanza."

Kidoti akavuta komeo. Nilifumba macho nikingoja ile hewa ya uvuguvugu ya friji iliyokufa.

Baridi ilitupiga usoni kama kofi.

Kidoti aliangua kicheko, mkono kwenye tumbo lake la mimba. "Mama Shule, si baridi tele hii? Umenipandisha presha bure. Mtoto akizaliwa anatetemeka nakuletea wewe umlee."

"Mlete," nikasema. "Nitamlea na nitamfundisha kompyuta."

Tulicheka mpaka machozi. Mimi yalikuwa machozi kweli. Nilisema asante kwa sauti, pale pale kizingitini. Anayemvizia simba mlangoni hamwoni nyoka kitandani. Tuliogopa joto tu. Hakuna aliyekumbuka kusoma kipimo cha ukutani.

Tukapakia.

Dereva wetu tunamwita Usukani. Ni mtu mzima, mpole, na ana msimamo mmoja ambao hata mkewe ameshindwa kuuvunja: akiendesha hapokei simu. Huitia kwenye droo ya gari na kuifunga. "Simu na usukani ni wake wenza," husema. "Ukimshika mmoja, mwache mwenzake apumzike."

Alipokuwa anafunga milango ya nyuma nilimsogelea.

"Kaka, nina ombi. Chupa ya insulini ya mama iliisha jana usiku, na leo hajachoma. Mdogo wangu anayemhudumia amekwenda msibani. Ukirudi jioni, mchukulie mama chupa yake kwa nesi wa kliniki ya mtaani kwetu, umpitishie nyumbani. Nesi anakufahamu."

"Mama yangu yule? Hilo si la kuomba." Akatabasamu. "Bado ana ule msemo wake?"

"Dawa mpya, mdomo mpya. Siku chupa mpya inapoingia ndani, lazima apate kitu kitamu. Nimegombana naye mpaka nimechoka."

"Mwache mzee wa watu afurahi. Sisi tusiougua tunakula vitamu tunapata nini? Tunanenepa tu."

Akaondoka. Nilimpungia mkono.

Kiu ilinishika baada ya gari kupotea. Nitasema ukweli: sisi wa stoo tulikuwa na tabia ya kuficha maji yetu ya kunywa kwenye chumba cha baridi, nyuma ya maboksi. Kanuni inakataza, lakini hatuna friji nyingine. Niliingia, nikaivuta chupa yangu, nikafungua kifuniko, nikainamisha kinywani.

Maji hayakuja.

Nikaigeuza chupa juu chini. Hayakusogea. Nikaigonga kwenye rafu, ikalia kama jiwe.

"Kidoti," niliita. "Njoo unisomee kipimo cha ukutani. Macho yangu siyaamini."

Alikuja akitafuna kitu. Akasoma. Akaacha kutafuna.

"Kiko chini ya sifuri."

Tuliangaliana. Mashine ilikuwa inaunguruma juu ya vichwa vyetu bila kupumzika, na ndipo nilipotambua kwamba asubuhi nzima sikuisikia ikinyamaza hata mara moja. Ile sehemu inayoiamuru iache kupuliza ilikuwa imekwama. Ilikuwa inapuliza tu.

"Na yale maboksi tuliyopakia?" Kidoti akauliza polepole, kama mtu anayejua jibu.

Nilimpigia Usukani. Simu iliita. Nikapiga tena. Iliita ndani ya droo, mke mwenza akiwa amepumzika. Nikapiga namba ya kliniki ya mtaani kwetu, ndiyo pekee niliyokuwa nayo. Ilikuwa inatumika. Ikaendelea kutumika.

Nilikwenda kwa bosi nikiwa na ile chupa mkononi.

Bosi wetu wa stoo tunamwita Sijasikia. Siku nilipomweleza habari za Mlinzi alinitazama, akatazama dirisha, akasema, "Fanya unavyoona. Mimi sijasikia." Hiyo ndiyo ruhusa yake. Jambo likienda vizuri ni lake, likiharibika hakusikia.

Niliweka chupa juu ya meza yake. Iligonga.

"Maji ya kunywa yanafanya nini kwenye chumba cha dawa?" akauliza.

"Adhabu ya hilo nitaipokea, bosi. Chumba kimeganda. Gari limeondoka na insulini iliyoganda."

Aliteremka nami. Akachukua chupa moja ya dawa, akaifumbata kiganjani kwa muda, akaiinua kwenye taa.

"Barafu iko wapi? Haya si maji safi haya?"

"Ikiganda haikuonyeshi. Ikiyeyuka inarudi sura yake, lakini nguvu haina. Mgonjwa atakuwa anajichoma maji."

"Udaktari nao mnasoma jioni?"

"Imeandikwa ubavuni mwa boksi, bosi. Usigandishe."

Akairudisha chupa kwenye rafu kwa uangalifu, kama mtu anayemlaza mtoto. "Labda baridi imeshuka sasa hivi, gari likiwa limeshaondoka. Una ushahidi gani kwamba zile zilizokwenda ziliganda?"

Sikuwa na ushahidi. Ushahidi ulikuwa kazi ya Mlinzi, na Mlinzi alikuwa kipofu tangu Ijumaa.

Bosi alilainisha sauti. Upole wake huniogopesha kuliko ukali wake.

"Sikiliza, mama. Ukilisema hili, swali la kwanza litakuwa kwa nini king'ora hakikulia. Nani alikichomoa?"

"Mimi."

"Nani alileta kidude ambacho si cha kampuni?"

"Mimi. Na wewe uliniruhusu."

"Nilisikia?"

Nilitazama soketi ya mlangoni.

"Basi mtafukuzwa wewe na huyo mwenzako, na lile tumbo lake. Mimi nina njia nyingine. Nitaagiza shehena mpya kimya kimya. Kesho tunapita kliniki moja moja tunabadilisha. Siku moja tu, Mama Shule."

"Wengine siku moja hawaifikishi, bosi."

"Hilo sijalisikia." Akachukua funguo za ofisi yake, yenye simu ya kampuni, akaenda kwenye kikao.

Nyuma ya maboksi ya pamba kuna pembe ambayo mimi hupiga magoti kila asubuhi. Nilikwenda pale. Maneno hayakuja. Mtu aliyezoea kushukuru, siku akikosa la kushukuru anakuwa bubu. Nilisema tu, "Mungu wangu, usiniache ninyamaze." Nikajishika kwenye rafu, nikainuka, kwa maana magoti yangu nayo ni ya jioni.

Kidoti alikuwa amesimama pale.

"Nenda," akasema. "Kama ni kwa ajili yangu unasitasita, nenda."

"Wewe hukuchomoa kitu, mwanangu."

"Nilicheza ngoma siku ile king'ora kiliponyamaza. Nilikinyooshea kidole hivi, nikakiambia kwaheri mbea. Umesahau?" Alijaribu kucheka. "Mtoto nitamlea hata kwa kufua nguo za watu. Lakini nikija kusikia mtu kafa na mimi ndiye niliyefunga boksi lake kwa gundi, hiyo nitailea vipi?"

Nilipanda ngazi kwenda Tehama.

Namba za kliniki zote zimo kwenye mfumo wa kampuni. Sisi wa stoo tunaona majina tu. Ujumbe wa kwenda kwao wote kwa mpigo hutoka mahali pamoja, mezani kwa Bwana Pasiwedi. Na mlangoni kwake kuna karatasi yenye herufi nyekundu: FUNGA KOMPYUTA YAKO HATA UKIENDA KUNYWA MAJI. Anaishi anavyohubiri. Wenzake wanasema nyumbani kwake hata sufuria zina nywila.

Alinyanyua macho. Hata umri wa mwanangu wa kwanza hajafika.

"Mama, kama umekuja kwa ajili ya kile kidude cheupe, majadiliano yamekwisha."

"Ni changu."

"Najua ni chako."

"Nilikiweka bila kukuambia. Nilikosea, na nimekuja kusema hivyo kwa mdomo wangu. Sasa naomba ukifungulie."

Aliegemea kiti. "Mtu akitoboa mlango nyuma ya nyumba yako, siku ukiuona utafanya nini? Wezi nao wana macho. Nimeuziba."

"Umeuziba bila kubisha hodi, baba. Ndani kulikuwa na watu."

"Nilimwandikia bosi wenu barua pepe kabla sijakikata kifaa chako."

"Akajibu nini?"

"Hajajibu."

"Hajasikia," nikasema.

Alitaka kucheka, akaniangalia usoni, akaacha. Nilimweleza yote. Chumba, king'ora, gari, chupa ya maji. Hata soketi sikuificha.

"Ombi lenu lilikuwa kwenye foleni," akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

"Foleni ile ina mtu mbele yetu kweli? Maana tumesimama mpaka miguu imeota mizizi."

 Akageukia kompyuta. Vidole vyake vilikwenda haraka kuliko macho yangu.

"Kama kifaa chako ni kizuri, hakikusahau," akasema. "Nilikikatia mtandao, umeme sikukikatia. Kilikuwa kinasoma na kutunza. Nikifungua, kitasema vyote kilivyonyimwa nafasi ya kusema. Tayari?"

"Fungua."

Simu yangu ilitetemeka mkononi. Ikatetemeka tena. Kisha ikaanza kulia, tahadhari juu ya tahadhari, kama mtu aliyefungwa mdomo kwa siku nyingi. Duara la kijani likageuka jekundu mbele ya macho yetu. Jumamosi alfajiri chumba kilikuwa kimeshuka chini ya sifuri. Jumamosi mchana, chini. Usiku kucha, chini. Jumapili nikiwa nimekaa ibadani nimevaa kitambaa changu cheupe, Mlinzi alikuwa analia peke yake, na hakuna aliyemsikia.

Zile dawa zilikuwa zimekufa kabla hatujazipakia.

Bwana Pasiwedi alishika kichwa. "Mimi ndiye niliyekizima."

"Na mimi ndiye niliyezima king'ora. Tusigombanie, kila mtu ana fungu lake. Tuma ujumbe kwa kliniki."

"Siwezi bila amri ya bosi wako."

"Bosi wangu ameshasema tunyamaze mpaka kesho."

"Basi unaona." Alikuwa anaongea haraka sasa. "Nikituma bila amri nimevunja kanuni niliyoiandika mwenyewe. Wataanza kuchimba, watakuta ni mimi niliyekata. Mama, nina mtoto mchanga nyumbani. Na hata ukiwaambia wasitumie, watatumia nini? Tuna nyingine nzuri?"

"Hatuna. Chumba chote ndicho hicho."

"Sasa utawasaidia nini?"

Nilimwonyesha simu yangu. "Unaona hii? Siku tatu iliniambia kijani. Ingeniambia sijui, ningeingia ndani nikaangalia. Mtu akijua hana dawa atakimbia hospitali, ataazima, ataacha kula ovyo, atamwamsha jirani. Akiamini anayo, atalala. Bora ajue hana."

 Simu ililia tena na sikuinyamazisha.

"Una mgonjwa wa sukari kwenu?" akauliza.

"Mama yangu mzazi. Lakini yake haijafika. Dereva atampitishia akirudi jioni, na nitamsubiri getini nimpokonye."

Hapo nilijisikia nafuu kidogo, nami nakiri nafuu hiyo ilikuwa ya ubinafsi. Nilijiambia angalau wa kwangu yuko salama.

Bwana Pasiwedi alisimama. Akanyoosha shati lake. Kwenye kompyuta kulikuwa na ukurasa mweupe, na juu yake yamepangwa majina ya kliniki zetu zote.

"Mama, mimi naenda kunywa maji."

Nilitazama ile karatasi ya mlangoni. "Hujafunga kompyuta yako."

"Najua."

Akatoka, akavuta mlango taratibu.

Nilikaa kwenye kiti chake. Mwalimu wetu wa jioni ametufundisha kuandika kwa vidole vyote, lakini haraka haijui shule. Nilitumia viwili. Kwanza niliandika maelezo marefu ya kuomba radhi. Nikayasoma, nikaona mgonjwa atachoma sindano kabla nesi hajafika mwisho. Nikafuta yote. Nikaandika:

"Msitumie insulini tuliyoleta leo. Iliganda. Iwekeni kando. Wagonjwa wapelekwe hospitali. Mtunza stoo."

Kidole kilikaa juu ya kitufe. Nilifikiria ada yangu ya muhula ujao, nikafikiria tumbo la Kidoti. Nikasema, "Kwa jina lako," nikabonyeza.

Majibu yalianza kurudi. Kliniki ya kituo cha mabasi: wameweka kando. Ya kiwandani: walikuwa hawajafungua boksi, wanashukuru. Ya shuleni: wameweka kando. Moja ilijibu kwa matusi, na nikayapokea kama chakula, kwa sababu mwisho wa matusi waliandika kwamba hakuna aliyechomwa. Kila jibu lilipoingia nilipumua.

Ikabaki moja tu, ya mtaani kwetu.

Nilisubiri. Nilisikia viti vikiburutwa chini, ishara kwamba kikao kimekwisha. Kisha jibu likaingia.

"Yote yapo hapa yamefungwa, isipokuwa chupa moja. Tulimpa dereva wenu asubuhi."

Nilisoma mara ya pili. Asubuhi. Mimi nilimwambia jioni.

Simu ikaita mkononi mwangu. Haikuwa tahadhari. Alikuwa Usukani.

"Mama Shule, vipi, naona umenipigia kama anayenidai. Nimeegesha ndiyo nakutafuta."

"Kaka, chupa ya mama iko wapi?"

"Ondoa wasiwasi. Nilipofika kliniki ya kwenu nikajiambia, mzee hajachoma tangu jana, jioni ni mbali. Nikampelekea kwanza kabla ya kuendelea na safari. Jirani akamchoma nikiwepo. Nimekuokoa."

Nilirudia neno lake. "Amechoma."

"Amechoma, akachangamka. Akaniambia, mwanangu, dawa mpya, mdomo mpya. Jirani alikuwa ameoka keki. Kipande alichokula mama yako, mimi mwenyewe nisingekimaliza."

"Uko wapi sasa?"

"Niko hapa hapa kwenu. Nimemaliza mzunguko, nikasema nipite nimsalimie tena." Sauti yake ilipungua. "Ila sijui, naona amelegea kidogo. Yuko kitandani. Ananiomba maji tu. Nilimpa chupa yangu akaimaliza yote, akaomba nyingine. Nimemchotea kwenye mtungi mara ngapi sijui. Joto la leo nadhani."

Aliyewahi kuuguza mtu wa sukari anaijua kiu ile. Hahitaji kuambiwa kwamba sukari imepanda.

Nilifungua mdomo nimwambie, na mlango wa ofisi ukafunguliwa.

Aliyeingia hakuwa Bwana Pasiwedi. Alikuwa Sijasikia, na nyuma yake walinzi wawili wa getini. Alitazama majina ya kliniki kwenye kompyuta. Alitazama ujumbe wangu chini yake. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, ilionekana wazi kwamba amesikia kila kitu.

"Kata hiyo simu," akasema. "Inuka kwenye kiti kisicho chako. Hawa watakusindikiza."

Mmoja wa wale wa getini akanyoosha mkono kuichukua simu. Na ndani yake Usukani, asiyejua lolote, alikuwa bado anangoja.

"Haloo? Mama Shule, mbona kimya? Mama anaomba maji tena. Nimpe?"